Prof na Jiwe Lisilokuwepo

Alikuwa na tabia ya kuweka kiganja juu ya vitu ambavyo wengine wameshaachana navyo. Sufuria iliyoepuliwa. Injini ya pikipiki iliyozimwa. Ukuta wa udongo nyuma ya jiko, wakati moto umekwisha na watu wameenda zao. Aliweka kiganja, akafumba macho kidogo, kama mama anayepima homa ya mtoto, kisha akauliza bila kumlenga mtu: "Hii joto inaenda wapi?" Katika kiganja cha kulia alikuwa na kovu lenye umbo la jani. Alilipata kwenye bomba la moshi la pikipiki, siku aliposhindwa kusubiri lipoe.

Tulimwita Prof, kama wanavyoitwa walimu wote wa sekondari kwetu, hata wale wasiojua kitu. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, sitaandika. Watu wa milima ya Masisi wameulizwa maswali hayo mno, na mara nyingi aliyeuliza alikuwa na bunduki. Itoshe kusema kwamba katika miaka yote niliyomfahamu alitaka kujua jambo moja tu: kama jiwe fulani, ambalo halijawahi kuonekana popote, linaweza kuwepo.

Alitufundisha fizikia katika darasa la mbao. Mvua ilipopiga bati za paa hakupandisha sauti. Alinyamaza, akageukia ubao, akaendelea kwa chaki, na sisi tukanakili huku maji yakitiririka kando ya viatu vyetu. Chaki ilipokwisha alitumia kipande cha muhogo mkavu.

Siku moja alitugawa katika makundi, akatupa kipimajoto kimoja tupokezane, tuchemshe maji na kuandika joto kila dakika. Kipimajoto kilikwama. Kilipanda vizuri mpaka sitini na moja kisha hakikusogea, hata maji yalipoanza kuruka. Mimi nilijua maji yanapaswa kufika wapi kwenye milima mirefu kama yetu, basi nikaandika safari nzima ya kupanda, dakika kwa dakika, laini kama wimbo. Kijana mmoja aliyekaa nyuma yangu aliandika mstari mmoja: "Kipimo kimekufa, sijui." Alipata kumi juu ya kumi. Mimi nilipata sufuri, na pembeni kwa wino mwekundu: "Hadithi nzuri."

Nililia. Aliniita mezani kwake.

"Nani alikuambia maji ilifika tisini na tatu?"

"Kitabu, Prof."

"Kitabu haikuwa pale. Wewe njo ulikuwa pale." Akanirudishia kaye, daftari langu. "Namba yenye inapendeza sana, uiulize mara mbili."

Kaye aliziheshimu kuliko watu fulani. Alihesabu kurasa. Mimi nilikuwa nikichana zile za nyuma, nyeupe, nipate mahali pa kuandika visa vyangu, na kila mwisho wa muhula alifungua kaye yangu kwa vidole viwili, akatazama ule uti uliolegea, akatikisa kichwa. "Kaye yenye kuchanwa inadanganya," alisema. "Mutu ataisoma, hatajua ni nini ilikuwa pale."

Yule kijana wa kumi juu ya kumi alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Fromaji, mjane aliyetengeneza jibini za mviringo kwa maziwa ya ng'ombe wa mlimani. Nyumba yake ya jibini ndiyo pekee kijijini iliyokuwa na paneli kubwa ya jua, na kwa sababu hiyo Prof aliweka mashine yake humo: kompyuta ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, vitufe viwili vimeng'oka. Walikubaliana kwa maneno machache. Mama angempa umeme wa mchana, naye angemfundisha kijana hesabu za juu jioni.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyotueleza sisi, maana sijui njia nyingine. Kuna vitu ambavyo, upande mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, umeme unatembea ndani yake wenyewe. Hakuna injini, hakuna mafuta. Ukibandika kitu kama hicho kwenye jiko la jibini, joto linalokwenda bure na moshi lingewasha taa. Lakini vingi vinavyojulikana ni vya bei kali, au vina sumu, au vinaharibika motoni. Yeye alitafuta kati ya oksidi.

"Oksidi iko kitu chenye kimekwisha kuungua," alisema, akishika msumari wenye kutu. "Hii kutu iko oksidi. Utaiunguza na nini tena? Imekwisha kuona moto."

Ugumu mmoja ulibaki: jiwe linalofaa lazima lipitishe umeme na papo hapo lizuie joto. Hatukuelewa mpaka alipochora ubaoni barabara yetu ya kushuka Sake, na mashimo yake.

"Wakati ya masika, pikipiki inapita hapa?"

"Inapita."

"Na lori?"

"Inalala matopeni siku tatu," darasa likajibu.

"Basi umeme iko pikipiki, joto iko lori. Munasema kila siku barabara yetu iko mubaya. Ingekuwa jiwe, ningekuwa tajiri."

Hatukuwa na maabara, wala tanuri la kupika jiwe. Alichokuwa nacho ni hesabu. Aliipa mashine orodha ya atomi ishirini na nne, na mahali pa kila moja. Kisha akasogeza moja, kidogo mno, akawauliza wenzake ishirini na tatu: mnaivuta irudi kwa nguvu gani? Alifanya hivyo kwa kila atomi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Hesabu mia moja arobaini na nne. Mwisho mashine hutoa orodha ya namba za nguvu hizo. Kama kila atomi inavutwa irudi kwake, jiwe linasimama. Mtu mwenye tanuri anaweza kulipika. Kama kuna hata moja ambayo wenzake wanaisukuma izidi kwenda, mashine huandika alama ya kutoa, na jiwe hilo haliwezi kuwepo duniani. Na jibu halitoki mpaka hesabu zote zikamilike. Hesabu moja ilihitaji siku kama kumi za jua zuri, na Masisi jua zuri ni mgeni wa kupita tu.

Kila hesabu ilipokwisha aliketi na kunakili matokeo kwa mkono katika kaye yenye jalada la buluu, tarakimu baada ya tarakimu, ingawa mashine ilikuwa imeyahifadhi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mashine huzimika na mtu huzimika, bora wasizimike pamoja.

Jiwe lake lilikuwa la madini ya bati ya Walikale, na ndani yake tantali kidogo, ile inayotoka katika koltani ya Masisi. Alivichagua hivyo kwa sababu viko chini ya miguu yetu. Kasiterite inayochimbwa kule msituni si kitu kingine ila oksidi ya bati, na siku alipotufundisha somo hilo alisimama dirishani, uso umegeukia magharibi, akaeleza jinsi atomi zake zilivyopangika, nani jirani ya nani, kwa sauti ambayo wengine huitumia kanisani. Sijawahi kusikia mtu akilisifu jiwe namna ile.

Lakini jiwe lenyewe hakutaka kulishika. Hilo lilinishangaza sana. Wiki ile ile kijana wa Mama Fromaji alimletea kipande cha kasiterite, cheusi, kizito, alichokipata kwa mjomba wake. Prof alirudi nyuma hatua moja.

"Rudisha kwenye uliitoa."

"Si uko unaipenda, Prof?"

"Niko napenda namba zake. Jiwe yenyewe inaita watu wenye sitaki kuona."

Kijana alicheka, akakitia mfukoni. Mwisho wa muhula aliondoka kwenda Walikale kuchimba. Alimwambia mama yake angerudi na pesa za chuo na kipande kizuri zaidi, kile ambacho Prof hataweza kukikataa. Barua moja ilitoka Buleusa, huko huko Walikale, kwa mkono wa muuza ndizi. Haikuja ya pili.

Prof hakulifundisha tena somo lile. Mwaka uliofuata aliruka kutoka sura ya sita hadi ya nane, na mwanafunzi alipouliza kuhusu ya saba alisema panya wamekula kurasa. Ilikuwa mara ya kwanza nilipomsikia akidanganya.

Mama Fromaji hakumlaumu. Aliendelea kumpa umeme. Nyuma ya mashine, pale feni inapopuliza hewa ya moto, aliweka kopo lake la maziwa ya chachu, maana baridi ya kule juu huua chachu, na akawa anapata maziwa yaliyoshika vizuri kuliko jirani yeyote. Prof alipoligundua kopo aliweka kiganja juu yake, akacheka mpaka machozi. Miaka yote aliyotafuta joto linalopotea, lililookolewa kweli ni lile tu, na aliyeliokoa ni Mama. Aliandika katika kaye ya buluu: "Joto la mashine limetumika. Jibini: nzuri."

Nilikuwa nikipita pale baada ya shule kununua jibini ya nyumbani, na alasiri moja nikawasikia.

"Prof, hii mashini iko inafanya nini siku kumi?"

"Inasogeza atomi moja, Mama."

"Moja tu?"

"Moja."

"Kisha inairudisha?"

"Hapana. Inauliza kama wenzake wanataka irudi."

Mama alikamua kitambaa cha jibini, polepole, mpaka tone la mwisho. "Kila mutu anataka wa kwake arudi," alisema. "Ungeniuliza mimi, ningekujibu asubuhi moja, bila mashini."

Prof aligeukia mashine. Alikaa akitazama kioo, ambacho hakikuwa kimeandika kitu kipya.

Mama alianza kuugua tumbo mwaka ule wa mvua ndefu, na alipokuwa hawezi tena kuinuka Prof alikwenda kumwona kila siku. Mimi nilikuwepo mara ya mwisho, nimeshika sahani ya uji asiokunywa. Prof aliingia na matope mpaka magotini, akaketi kwenye kigoda.

"Mama, kuna mutu ametoka Walikale. Amemuona kijana."

Mama alifungua macho. "Amemuona wapi?"

"Buleusa. Iko na duka ndogo, inauza chumvi na sabuni. Amenenepa. Anasema atapanda wakati barabara itakauka."

"Amenenepa?"

"Amenenepa vibaya. Suruali haifungi."

Mama alicheka bila sauti. Alikufa kesho yake, kabla ya saa sita. Hapakuwa na mtu yeyote aliyetoka Walikale. Njia ilikuwa imefungwa tangu mwezi uliotangulia, na kila mtu kijijini alilijua hilo ila mgonjwa. Tulipotoka makaburini nilimtazama Prof, mtu aliyenipa sufuri kwa sababu ya maji ya moto, naye akatazama mbele.

Vita vilipofika kilima cha pili tuliondoka wote kwa pamoja, asubuhi, mvua ikinyesha. Prof alikuwa na mfuko wa plastiki mmoja tu usiotoboka. Mgongoni alibeba mashine, mkononi kaye ya buluu. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya jibini, akatazama kimoja, akatazama kingine, watu wakimpigia kelele atembee. Akafunga kaye katika plastiki.

"Prof, mashini italowa," nilisema.

"Mashini wanauza Goma. Namba hawauze."

Tulitembea mpaka Sake. Mashine haikuwaka tena. Ilikuwa imefika hesabu ya mia moja thelathini na moja; zilibaki kumi na tatu.

Kutoka hapo mimi nilikwenda Goma, ambako ninaishi sasa na kuandika. Yeye alifuata barabara ya ziwa pamoja na wengine, akaishi Kirotshe katika hema, akiwafundisha watoto kugawanya na kuzidisha kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Kabla hatujaachana alivua kiatu, akatoa ndani ya soksi kidude cha kuhifadhia kazi za kompyuta, kimefungwa kwa uzi wa jibini.

"Kuna mwanafunzi wangu wa zamani, iko anasoma ng'ambo. Kwao kuna mashini kubwa. Umutumie hii. Umwambie ni kumi na tatu tu."

Nilimpata yule mwanafunzi baada ya miezi mingi. Alikuwa mtu mwema. Aliandika kwamba angerudia hesabu zote mia moja arobaini na nne, ili kuwa na hakika. Jibu lilifika kwenye simu yangu siku hiyo hiyo, kabla sijamaliza chai. Nililisoma, nikalisoma tena, nikamwandikia kuuliza kama nimeelewa sawasawa. Alisema nimeelewa.

Nilipofika Kirotshe Prof alikuwa hospitalini, kitanda cha dirishani, mapafu yamechoka. Miwani yake ilikuwa imebaki njiani siku ile ya kukimbia, kwa hiyo aliijua sauti yangu kwanza, kisha uso. Kaye ya buluu ilikuwa chini ya mto. Niliketi. Njia nzima kutoka Sake, nyuma ya pikipiki, nilikuwa nimepanga maneno.

"Prof, jibu limefika."

Hakuuliza kama ni zuri. "Mashini yao ilichukua siku ngapi?"

Nilisita. "Saa moja na nusu."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akageuza kichwa. "Saa moja na nusu," alisema pumzi iliporudi. "Mama Fromaji angeninyima umeme." Akafuta mdomo. "Basi. Inasimama?"

"Inasimama, Prof."

Alifumba macho. Niliona kifua chake kikishuka kama mtu aliyetua mzigo, na nikafikiri: imetosha, sasa nizungumzie mengine.

"Namba ya chini kabisa ni ngapi?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nilitazama simu, nikatazama ukuta. "Mia moja."

"Mia moja na ngapi?"

"Mia moja kamili."

Ziwa lilikuwa likipiga mawe huko chini. Prof alifungua macho, hakunitazama mimi, alitazama dari.

"Za kwanza tatu ni sufuri," alisema taratibu, kwa sauti yake ya darasani. "Kila jiwe, nzuri ao mubaya. Zile atomi zote zikisogea pamoja, upande moja, hakuna yenye inavuta ingine. Haina nguvu ya kuzirudisha. Njo maana sufuri. Nilifundisha hii, wewe ulikuwa nyuma unachana kaye."

Niliilaza simu magotini.

"Hadithi nzuri," alisema. Hakuwa na hasira. "Sasa soma yenyewe."

"Prof, nilikusikia siku ile kwa Mama. Ulimwambia amenenepa."

Alinigeuzia uso. Kisha akatafuta mkono wangu juu ya blanketi, na nilihisi lile kovu, gumu.

"Mama nilimudanganya," alisema. "Ile ilikuwa yake peke yake, alienda nayo. Na mimi nilikuwa na deni kwake, unajua deni gani. Lakini hii haiendi na mimi, mutoto yangu. Inabakia. Kesho kutakuwa mutoto mwingine na mashini mubaya, atafikiria bati na tantali, ataanza kusogeza moja moja. Soma."

Nikasoma. Zile tatu nilizokuwa nimezipuuza zilikuwepo kweli, sufuri, sufuri, sufuri. Juu ya hizo tatu ilikuwepo moja yenye alama ya kutoa. Nilimsomea tarakimu zote, na hiyo alama.

"Atomi gani?"

"Tantali."

"Wanaisukuma."

"Ndiyo, Prof. Haivutwi na yeyote."

Hakulia. Midomo yake ilisogea kidogo, kama mtu anayekokotoa kichwani, labda akirudi nyuma hesabu baada ya hesabu mpaka pale alipoiweka tantali mahali pale, labda akimwona mtu mwingine kabisa. Kisha akavuta kaye chini ya mto, akanipa, akasema niandike. Nikaandika alivyosema: jiwe gani, atomi ngapi, nani aliyehesabu, mashine ipi, na mwisho, peke yake katika mstari: *Halisimami. Usipite hapa.* Aliniambia nimsomee. Nikamsomea. Aliniambia niongeze tarehe.

"Kurasa ngapi zimebaki?"

Nilihesabu, nyeupe, mpaka kwenye jalada. "Kumi na moja."

"Hizo," alisema, akigeukia ukuta, "sasa unaweza kuchana."

Alizikwa huko huko, kilimani juu ya ziwa, kabla ya masika. Kaye ninayo mimi. Bado zipo kumi na moja.